Wale Tuliowaambia Wacheke Langoni

Akinyi mwanangu,

Mama yako ameshamaliza yake. Amekueleza habari ya blanketi mbili, ya maji ya kuchemsha, ya kanisa la Jumapili, na ya karanga zilizo chini kabisa ya sanduku ambazo huruhusiwi kuzigusa kabla ya kufika. Mimi sina la kuongeza hapo, na hata ningekuwa nalo asingeniachia nafasi. Kesho asubuhi utapanda basi hapa Ndhiwa, utashuka Migori, na kutoka Migori utapelekwa milimani, karibu na mpaka, ukawafundishe watoto wa Wakuria. Si mbali. Mtu mwenye baiskeli nzima na miguu mizuri angefika kwa siku moja. Mimi baba yako safari hiyo imenichukua miaka mitano, na bado sijafika. Ndiyo sababu nimekaa kuandika jua likiwa bado juu ya paa la jiko, wewe ukiwa unazunguka kuwaaga majirani, ili kesho, ukiwa ndani ya basi, usome kile ambacho mdomo wangu, uliozoea kusema mengi, umeshindwa kukisema.

Umesikia watu wakisema kwamba baba yako alikuwa moto. Ni kweli, na wala sijutii moto wenyewe. Nilikwenda chuo kikuu, ng'ambo ya ziwa, nikiwa mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, nikakaa dawati moja na vijana ambao mama zao walikuwa bado wanawatumia soksi. Huko ndiko nilikogundua kwamba nina sauti. Tuligoma, nami nikiwa mbele, kwa sababu wahadhiri wa rangi moja walipewa nyumba zenye bustani na wahadhiri wa rangi nyingine wakapewa chumba kimoja kimoja, ilhali walisomesha vitabu vilevile. Nilipanda juu ya meza ya bwalo nikauliza: je, elimu ina ngozi? Je, ubao mweusi humtambua anayeandika juu yake? Walinipigia makofi hadi vijiko vikaanguka. Ukitaka kumjua baba yako kwa ufupi, mjue hapo: mtu aliyesikia makofi akiwa na miaka thelathini na minne, akadhani ameisikia haki.

Nilirudi na shahada yangu ndani ya mfuko wa khaki. Unakikumbuka kiwanda cha kuchambua pamba kilichokuwa nje ya Migori, pale tulipopanga vyumba viwili. Nilikwenda kuomba ukarani mkuu. Meneja aliisoma shahada yangu mbele na nyuma, akakisifu Kiingereza changu, kisha akaniambia kwa upole kwamba nafasi imejaa. Nilikiona kile kiti, Akinyi. Kilikuwa kitupu, kina mto mwekundu. Nilipomwonyesha, alinieleza, bado kwa upole, kwamba mwenye kukikalia atakuja mwezi ujao, mtu wa jamaa zake. Kama nilitaka, ningeweza kupima magunia. Nilitoka pale na hasira ambayo, nakiri, ilikuwa na utamu wake. Kwa mara ya kwanza mambo yote niliyoyahutubia yalikuwa yamenipata mimi mwenyewe, na mtu aliyedhulumiwa waziwazi hupata raha moja ya hatari: hujiona hawezi tena kumdhulumu mwingine.

Nilipima magunia. Na hapo kwenye mizani ndipo nilipomjua Mwita.

Alikuwa mpakiaji, Mkuria wa milimani, mwenye mabega mapana na masikio yaliyotobolewa na kuning'inia kwa namna ya watu wa rika lake. Aliishi na mkewe Robi na watoto wao nyuma ya kinu cha posho. Hakuwa msemaji. Nilipoanza kuwakusanya wafanyakazi tudai kwamba kiti cha mto mwekundu na viti vyote vifunguliwe kwa kila anayeviweza, mimi ndiye niliyesema, naye ndiye aliyefanya watu wabaki. Siku ya sita ya mgomo, njaa ilipokuwa imewalegeza watu na wengine wameanza kusogea langoni warudi kazini, Mwita aliketi chini katikati ya lango na sufuria ya ugali na omena, wale dagaa wa ziwani, akaanza kula polepole. Kila aliyekaribia alikaribishwa tonge. Huwezi kumruka mtu anayekukaribisha chakula. Waliketi mmoja mmoja, na hakuna aliyeingia. Hotuba zangu zote za wiki ile hazikufanya kazi ya sufuria ile.

Tulishinda. Bendera ilikuwa na miezi michache tu tangu ipandishwe, na mwenye kiwanda hakutaka matata katika nchi mpya. Alikubali kwamba wafanyakazi wote waandikishwe upya, na kwamba watakaochagua ni kamati yetu wenyewe. Mimi nikawa mwenyekiti. Usiku ule watu walinibeba mabegani hadi sokoni, na wewe ulinikimbilia ukiwa na sare ya shule bado.

Sasa nifike kwenye lile ambalo sijawahi kukuambia.

Kamati ilikuwa ya watu saba, na wote saba tulikuwa Wajaluo. Hakuna aliyepanga hivyo. Mikutano yangu niliifanya kwa Kiluo kwa sababu kwa Kiluo makofi yalikuja haraka zaidi. Kiswahili ninakijua, kama unavyoona, lakini kingenilazimu kusema polepole ili wote wanifuate, nami sikuwa mtu wa polepole. Wakuria, Wasuba na Waluhya walisimama nyuma wakingoja kutafsiriwa, na siku ya kuchagua kamati hapakuwa na aliyetafsiri.

Asubuhi ya kuandikisha tuliweka meza langoni. Nafasi hazikufika mia moja. Watu walikuwa wamejaza barabara hadi darajani: waliogoma, na wengine ambao hawakuwahi kukanyaga pale, kwa maana habari zilikuwa zimefika hadi Rongo na Kosele kwamba uhuru umefika na kazi zinagawiwa. Fikiria macho yale. Kila mmoja alikuwa ameambiwa, na watu kama mimi, kwamba kilichokuwa kikimnyima kazi ni mkoloni tu. Mkoloni ameondoka, na kazi bado ni zilezile.

Mzee mmoja wa kamati, Jaduong' Ouma, alinong'ona kwamba kwanza tuwatazame watu wa nyumbani, kisha wengine kama patabaki kitu. Sikukataa. Nilisema, kwa sauti ya msomi, kwamba ni jambo la kueleweka kwa hatua ya mpito. Tatizo likawa kuwatambua hao wa nyumbani. Majina watu wangeweza kuazima, na lugha haikutosha, maana mtu wa soko la Migori husema Kiluo, Kikuria na Kiswahili kabla hajanywa chai. Ouma akapata njia. Unajua kwamba wazee wetu waling'olewa meno sita ya chini walipokuwa vijana, na kwamba hilo ndilo lililomtambulisha Mjaluo popote alipofia. Basi kila aliyefika mezani, Ouma alimwambia kwa uchangamfu, kama mtu anayetania:

"Hebu cheka kidogo tuone."

Mwenye pengo aliandikwa. Mwenye meno yote aliambiwa angoje kando. Watu waliitika mwanzoni wakidhani ni mzaha. Wengine walicheka kwelikweli. Nakuomba ulishike hilo, Akinyi, kwa sababu mimi haliniachi: watu wasio na kazi walicheka mbele yetu kwa tumaini, nasi tukakitumia kicheko chao kuwafukuza.

Mwita alifika kabla ya saa sita. Ouma alimwambia vilevile acheke, kana kwamba hakumjua, yeye aliyekula tonge lake pale pale langoni. Mwita hakucheka. Alinitazama mimi niliyekuwa nimeshika kalamu. Lazima ujue kwamba babu yako alibatizwa mapema na aliyakataa mambo ya kung'oa meno. Mimi nina meno yangu yote ya chini, na Mwita alilijua hilo, kwa maana tulikuwa tumekula pamoja siku nyingi.

"Mwalimu," aliniambia, kwa jina walilonipa kiwandani kwa ajili ya shahada yangu, bila kupandisha sauti. "Cheka na wewe."

Mstari wote ulinigeukia. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja, nami nilikuwa mtu wa maneno. Nilitazama karatasi yangu nikasema:

"Anayefuata."

Huo ndio uovu mkubwa kuliko maovu yote niliyowahi kuyatenda, na ulikuwa neno moja tu.

Jioni ile alifika Otieno, mtoto wa dada yake Ouma, kijana aliyemaliza darasa la nane katika shule ya misheni. Ouma alikuwa ameondoka kwenda kula. Aliyekaa mahali pake alimwambia acheke, akaona meno meupe yamekamilika, akamweka kando. Kijana alijitetea kwa Kiluo safi, akataja ukoo hadi babu wa babu. Wakamjibu kwamba hata Wakuria wa sokoni wanayajua hayo. Nilikuwepo. Nilikuwa nimechoka, na kusimamisha mstari kwa ajili yake kungenilazimu kueleza kwa nini nilikuwa sijausimamisha kwa ajili ya mwingine.

Wiki tatu walisimama nje ya lango wale waliowekwa kando. Mtu asiye na kazi huumia, lakini anaweza kungoja. Hujisemea labda kesho, labda mvua ikinyesha vizuri. Mtu asiye na kazi aliyeambiwa kwamba kinachomzuia ni mdomo aliozaliwa nao hana kesho ya kungoja. Mambo hayo mawili, kila moja peke yake, nchi inaweza kuyabeba kwa muda. Sisi tuliyaweka pamoja mbele ya ghala lenye marobota makavu ya pamba.

Siku ya soko, mchana, ghala likawaka. Moshi huo unaukumbuka, kwa maana mama yako aliwafungia ndani na madirisha yakafungwa kwa matambara. Usichokumbuka, kwa sababu nilihakikisha hukisikii, ni kwamba baba yako alipanda juu ya pipa la mafuta akahutubia. Sikuwa na ushahidi wa chochote. Nilikuwa na umati na sauti. Nilisema kwamba tunawajua adui zetu, na kwamba hawakai mbali. Sikutaja jina. Mtu aliyesoma hataji majina. Huwaachia wengine kazi hiyo. Walikwenda moja kwa moja nyuma ya kinu cha posho wakavunja mlango wa Mwita, wakatoa kitanda chake nje wakakichoma.

Hapakuwa na mtu ndani. Robi alikuwa amepanga foleni kinuni na watoto wote, na Mwita alikuwa mtoni anaoga. Mara nyingi nimejaribu kuipa bahati hiyo jina kubwa zaidi, nimeshindwa. Robi angefika kinuni mapema, akasagiwa akarudi, leo barua hii ingekuwa ya aina nyingine, au isingekuwapo.

Siku tatu soko lilifungwa. Watu walitembea na mapanga kwa kisingizio cha kwenda shamba. Waliojuana tangu utotoni walipishana barabarani bila salamu. Wengi waliumizwa, kwa rehema hakufa mtu. Siku ya tatu Otieno alikuja nyumbani kwetu akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, akaniambia kwamba ni yeye aliyewasha ghala, kwa kiberiti, peke yake. Nilimwuliza kwa nini.

"Nilitaka wajue nipo," alisema.

Nilikaa na habari hiyo siku moja nzima, mwanangu, nikiipima kama nilivyokuwa nikipima magunia. Nikisema, mimi na kamati tumekwisha. Nikinyamaza, mapanga yataendelea kutafuta Wakuria. Msomi wa chuo kikuu alihitaji siku nzima kwa hesabu ambayo mama yako aliimaliza akiwa anachagua mawe kwenye maharage. Alikuwa amesikia kila kitu kutoka jikoni. Hakunilaumu. Aliniuliza kama nimesahau jinsi saga inavyofanya kazi, ile kazi ya ujima tunayoitana mashambani: leo wote wako kwangu, kesho wote wako kwako, na hakuna anayeulizwa mizimu ya kwao kabla ya kupewa jembe. Alinikumbusha kwamba amepalilia na wanawake wa Kikuria tangu tulipohamia Migori.

"Shambani tunapaliliana kwa zamu," alisema. "Kwani kiwanda ni kigumu kuliko shamba?"

Kesho yake nilikwenda langoni na Otieno. Aliomba mwenyewe kwenda. Nilisimama chini, si juu ya pipa, nikasema kwa Kiswahili, polepole, watu wote wakiwa wananifuata. Nilisema aliyewasha ni wetu, na aliyemkabidhi kiberiti ni mimi. Nilisema nililolifanya mezani. Kisha nikafungua mdomo nikawaonyesha meno yangu ya chini, yote sita. Kilikuwa kicheko kibaya kuliko vyote vilivyotolewa pale. Mtu mmoja nyuma alisema kwa Kiswahili cha sokoni kwamba basi hata mwenyekiti angoje kando, na watu wakacheka, wa pande zote, kicheko cha hasira lakini cha pamoja. Hapo ndipo nilipojua kwamba mapanga hayatatoka tena siku ile.

Usidhani mambo yalinyooka. Tulifanya zamu: orodha moja, kwa jinsi watu walivyofika, mwezi mmoja mtu anafanya kazi, kisha anampisha aliye nyuma yake. Mwenye kiwanda alinung'unika, wachapakazi hodari walinung'unika zaidi, na kazi zenyewe hazikuongezeka hata moja. Ouma hajanisalimia hadi leo. Otieno alifungwa, akatoka, sasa ana cherehani yake Rongo. Lakini wale waliokuwa wakingoja nje walijua siku ambayo jina lao litasomwa, na ajabu ni kwamba hilo lilitosha kuwalaza watu majumbani. Zamani ningesema haki ni ushindi. Siku hizi nikiulizwa, naona orodha ile iliyochafuka kwa vidole vya watu waliokuja kutazama ni lini itakuwa zamu yao.

Mwita hakuingia kwenye orodha. Alisikiliza kutoka nyuma, kisha akawakusanya watu wake warudi milimani. Nilimkuta barabarani amebeba kichwani kitanda kilichobaki miguu mitatu. Niliyarudia kwake peke yake niliyoyasema mbele ya umati.

"Mwalimu, nimesikia," alinijibu, akaendelea na safari.

Kusikia si kusamehe. Nilisimama pale nikitambua tofauti hiyo hadi alipopotea kwenye kona. Sikumwona tena.

Basi fikiria jinsi nilivyokuwa ulipoleta fomu yako ya kuomba kazi, nikaona jina la shule. Nilijua kwamba mwenyekiti wa kamati ya shule hiyo ni Mwita. Nilijua pia kwamba umeandika jina langu baada ya lako, kwa wino mweusi. Ulimaliza chuo cha ualimu mwaka mzima uliopita, na kwa mwaka mzima nilikuona ukipiga pasi gauni lilelile kwa ajili ya mahojiano yasiyozaa kitu, ukirudi na uso ambao niliwahi kuuona langoni. Nilitaka kukuambia usiende. Nilitaka kukuambia kwa nini. Nikanyamaza tena, na safari hii sikuwa na mstari mrefu wa kusingizia.

Uliporudi kutoka kwenye mahojiano ulituambia kwamba mzee mmoja mwenye masikio makubwa alikutazama muda mrefu bila kuuliza swali. Kisha akakusimulia habari ya mbuzi aliyeingia ofisini akala daftari la mahudhurio, hata shule nzima ikawa haipo kwa wiki mbili, nawe ukashindwa kujizuia ukacheka, ukadhani umeharibu kila kitu. Mama yako alicheka nawe. Mimi nilitoka nje. Mlidhani nimekwenda kumtazama ng'ombe.

Alhamisi barua yako ya kukubaliwa ilifika. Ndani yake mlikuwa na karatasi ndogo iliyokunjwa, yenye jina langu. Ulinipa, ukaniuliza inasema nini. Nilikujibu kwamba ni salamu. Nimelala vizuri siku tatu mfululizo, nyara, binti yangu, na tangu lango lile sijui kama niliwahi kulala hivyo hata mara moja. Nimeiweka hapa, katikati ya kurasa hizi, uisome kwa macho yako. Mwandiko wake ni wa mtu aliyejifunza ukubwani, umelala upande mmoja:

Mwalimu. Mtoto wako tumemwona. Anacheka bila kuambiwa. Mlete mwenyewe.

Leo asubuhi ulimwuliza mama yako kwa nini ameanika koti langu jeusi na kulipiga pasi wakati hakuna msiba wala harusi. Hakukujibu, kwa sababu nilimwomba aniachie hilo. Basi soma taratibu, usiharakishe kurasa. Ukimaliza, geuka utazame nyuma. Nitakuwa kiti cha mwisho cha basi hilohilo, na mfuko mwingine wa karanga, za kumpelekea Robi, magotini.

Ni mimi ninayekwenda nawe,
Baba yako, Owuor